Mwasho wa Majira ya Baridi: Habari za Ngozi Katika Jiji la Philadelphia

Katika taabu zote zimpatazo mwanadamu mwilini mwake, mwasho ndio usiopewa heshima. Aliyevunjika mguu hupewa pole, na mwenye homa hufunikwa shuka akaletewa uji. Lakini ajikunaye mbele ya watu hutazamwa kwa jicho la shaka, kama kwamba amekosa kuoga au amekosa adabu. Mwaka 1660 tabibu wa Kijerumani, Samuel Hafenreffer, mwalimu katika chuo cha Tübingen, aliueleza mwasho kwa maneno machache ambayo watabibu hawajayaacha mpaka leo, ya kwamba ni hisia isiyopendeza imtiayo mtu hamu ya kujikuna. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yana upungufu mmoja. Hayasemi ni nani awezaye kushuhudia. Jeraha huonekana kwa wote, na homa hupimwa. Bali mwasho haujulikani ila kwa kinywa cha mwenyewe. Anayeusikiliza ana hiari mbili tu, kumsadiki msemaji au kutomsadiki.

Makala haya yahusu mwasho wa namna moja, nao ni ule umpatao mtu katika miezi ya baridi kali, ngozi yake ikakauka, ikapauka, ikapasuka na kumnyima usingizi. Nimechagua kuufuata katika jiji moja, Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, ni katika jiji hilo ugonjwa huo ulipopewa jina lake la kitabibu mwaka 1874. Pili, ni katika jiji hilo hilo, chini ya chuo kikuu hicho hicho, elimu ya ngozi ilipotafutwa baadaye kwa njia ambayo wakuu wa jiji na wa chuo wamelazimika kuiombea radhi. Habari hizi mbili kwa kawaida husimuliwa mbali mbali. Maoni yangu ni kwamba zikiwekwa pamoja kila moja huifafanua nyenzake.

Yatupasa kwanza kuelewana juu ya neno baridi. Lugha yetu ina neno kipupwe, litajalo majira yaliyo baina ya Juni na Agosti, wakati upepo wa kusi uvumapo na watu wa pwani hutafuta shuka ya pili usiku. Hayo ni majira ya baridi kwa hesabu ya pwani, lakini hewa yake hubaki na unyevu wa bahari. Katika nyanda za juu za Makete na Njombe mambo ni magumu zaidi. Umande huganda juu ya majani, midomo hupasuka, na miguu ya watoto waendao shule hupauka ikawa kama iliyopakwa majivu. Hata hivyo wenyeji wa huko wakiingia nyumbani huikuta hewa ile ile ya nje, imechanganyika kidogo na moshi wa jikoni. Baridi ya Philadelphia ina tabia nyingine. Mwezi wa Januari wastani wa joto hukaribia nyuzi 0 za sentigredi, mito huweza kushika barafu, na watu hukaa ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha na kutiwa moto mchana na usiku.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Katika nyuzi 0 mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 5 hivi za mvuke, wala haiwezi kuzidisha. Katika nyuzi 20 hewa ya kadiri ile ile huweza kubeba gramu 17 na zaidi. Basi hewa ya nje, hata iwe imeshiba unyevu wake wote, ikiingizwa nyumbani na kupashwa moto mpaka nyuzi 20, huwa na unyevu wa asilimia 28 tu ya kile iwezacho kubeba. Ikiwa nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, unyevu wa ndani hushuka mpaka asilimia 14 hivi. Hewa ya namna hiyo ina kiu. Hunyonya maji penye maji yote, katika mbao za milango zikalia, katika mkate ukakauka, na katika ngozi za watu. Kwa hiyo mkaaji wa jiji la baridi hushambuliwa mara mbili. Akiwa nje huumwa na upepo, na akiingia ndani hunyonywa na joto.

Philadelphia ilijulikana kwa majiko yake tangu zamani. Mwaka 1744 Benjamin Franklin alichapisha humo kijitabu chake juu ya jiko la chuma alilolibuni ili kuzuia joto lisipotee lote katika bomba la moshi. Baadaye, mwaka 1825, njia ya maji ya mto Schuylkill ilipokamilika, mashua zilianza kuteremsha kwa wingi makaa magumu ya mawe yachimbwayo katika milima ya Pennsylvania. Makaa hayo huwaka polepole kwa moto mkali usio na moshi mwingi, na katika karne hiyo ya 19 nyumba nyingi za jiji zikawa na majiko, na za matajiri zikawa na matanuri chini ya sakafu yaliyopeleka hewa ya moto katika kila chumba. Watu walifurahia faraja hiyo, na ilikuwa haki yao kuifurahia. Lakini yaelekea kwamba kila hatua iliyozidisha joto la nyumba ilizidisha pia ukavu wake.

Kwa muda mrefu watabibu wa Ulaya na Marekani hawakuwa na nafasi ya kuufikiria mwasho wa baridi, kwa kuwa mwasho wote ulikuwa ukitupwa katika kapu la upele. Tena upele wenyewe haukufahamika. Wengi waliamini kwamba watokana na damu chafu au tabia mbaya ya mwili. Mwaka 1687 Mwitalia Giovan Cosimo Bonomo alikwisha kueleza kwamba ni kidudu kidogo kichimbacho ngozini, lakini neno lake halikushikwa. Mwaka 1834 mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Corsica, Simon François Renucci, aliwaonyesha mabingwa wa Paris namna ya kukitoa kidudu hicho kwa ncha ya sindano. Elimu hiyo hakuipata chuoni. Aliipata kwa wanawake wa kisiwani kwao, waliozoea kuwatoa watoto wao vidudu hivyo kwa sindano. Kisha Ferdinand Hebra wa Vienna akajitia upele mwenyewe, akauthibitisha mwendo wake kwa mwili wake, na maneno ya damu chafu yakaanza kunyamaza.

Mwanafunzi wa historia asiipite habari hiyo haraka. Maprofesa walibishana kwa muda wa karne moja na nusu juu ya jambo ambalo mama wa shamba alilijua kwa macho na vidole vyake. Tutaona kwamba jambo la namna hiyo lilitokea tena.

Upele ulipokwisha kupata sababu yake, watu wenye mwasho usio wa upele walianza kuonekana. Louis Adolphus Duhring alizaliwa Philadelphia mwaka 1845, akahitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1867, kisha akaenda Ulaya kusoma maradhi ya ngozi, hasa kwa Hebra huko Vienna. Aliporudi alifungua zahanati ya maradhi ya ngozi mwaka 1871, na baadaye akawa profesa wa somo hilo katika chuo kilichomlea. Alikuwa mtu mkimya, asiyeoa, aliyeishi kwa ajili ya kazi yake. Kitabu chake cha mwaka 1877 kilikuwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya kwanza vya maradhi ya ngozi kutungwa na Mmarekani, na mwaka 1884 alieleza ugonjwa mwingine wa malengelenge ambao hata leo huitwa kwa jina lake. Alipofariki mwaka 1913 alikiachia chuo hicho mali nyingi.

Mwezi wa Januari 1874 Duhring alichapisha katika gazeti la watabibu wa Philadelphia maelezo ya mwasho aliouita kwa Kilatini pruritus hiemalis, yaani mwasho wa majira ya baridi. Alieleza kwamba huanza wakati majani yaangukapo, hushika mapaja, magoti na ndama za miguu, huzidi jioni mtu avuapo nguo zake ili alale, na huondoka wenyewe joto lirudipo. Jambo lililomshangaza zaidi ni hili, kwamba ngozi ya wagonjwa hao haikuwa na alama ya ugonjwa. Hapakuwa na kidudu, wala chunusi, wala lengelenge. Kilichoonekana ni mikwaruzo ya kucha zao wenyewe.

Ukubwa wa makala yale mafupi si katika dawa, maana Duhring hakuwa na dawa ya hakika. Ukubwa wake ni katika kusadiki. Mtu alikuja mbele yake na ngozi isiyoonyesha kitu, akasema kwamba halali usiku. Naye tabibu, badala ya kumwambia kwamba ana wasiwasi, akamwuliza ni lini huanza, ni wapi, ni saa ngapi, na ni lini huisha. Majibu ya wagonjwa wengi yalipolingana, akayakubali kuwa ni ushahidi. Ugonjwa uliingia katika vitabu kwa sababu wenye kuugua walisikilizwa.

Sasa tutazame upande wa dawa. Tangu kale watu walifahamu kwamba ngozi kavu huridhika na mafuta. Galen, tabibu wa dola ya Rumi katika karne ya 2, hutajwa kuwa mwanzishi wa mchanganyiko wa nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Wakaaji wa pwani yetu walikuwa na nazi zao na mbarika zao, na watu wa bara walikuwa na samli. Pennsylvania iliongeza mafuta ya jinsi mpya. Mwaka 1859 kisima cha mafuta ya ardhini kilichimbwa Titusville, magharibi ya jimbo hilo, na vyombo vya kuvutia mafuta vikawa vikishika utando mzito kama nta. Wachimbaji waliuchukia kwa sababu ulizuia vyombo kufanya kazi, lakini waliupaka juu ya majeraha yao na mahali walipoungua. Robert Chesebrough, mtaalamu wa kemia kutoka New York, aliyaona hayo, akausafisha utando ule mpaka ukawa mweupe, na mwaka 1872 akapata hataza yake kwa jina la Vaseline. Hayo ndiyo mafuta ambayo Waswahili wa leo huyaita mafuta ya mgando. Mwaka 1882 Wajerumani Otto Braun na Oscar Liebreich wakatengeneza lanolini kutokana na mafuta ya manyoya ya kondoo, na mwaka 1911 huko Hamburg malai ya Nivea ikaanza kuuzwa, yenye maji na mafuta yaliyoshikamana yasitengane. Mara ya pili twaona jambo lile lile: aliyegundua faida ya mafuta ya mgando si mwenye hataza, bali mchimbaji asiyejulikana jina, aliyekuwa na mikono iliyopasuka.

Kwa kuwa mafuta yalisaidia, kila mtu alidhani kwamba ngozi kavu ni ngozi iliyopungukiwa mafuta. Hoja hiyo ilionekana haina mashaka mpaka mwaka 1952. Mwaka huo Irvin Blank, mtafiti wa Boston, alichapisha majaribio yake juu ya sugu za nyayo. Alichukua vipande vya sugu vilivyokauka vikawa vigumu, akavitia katika mafuta. Vikabaki vigumu vile vile. Alipovirudishia maji vililainika na kukunjika. Akaonyesha kwamba tabaka la juu la ngozi, ambalo wataalamu huliita tabaka la pembe kwa kuwa limeumbwa kwa kitu cha jinsi moja na kucha na pembe, huhitaji maji ya kadiri ya asilimia 10 ili libaki laini. Likipungukiwa na kadiri hiyo huwa kama jani kavu. Mguso mdogo hulipasua.

Je, mafuta hayana kazi? La, yanayo kazi kubwa, lakini si ile iliyodhaniwa. Mafuta hayanywi ngozi wala ngozi haiyanywi kama mtu anywavyo maziwa. Kazi yake ya kwanza ni kuwa kifuniko juu ya chungu, ili maji yaliyomo yasitoroke. Wataalamu waliofuata, hasa Peter Elias wa San Francisco katika miaka ya 1970 na 1980, waliifananisha ngozi ya juu na ukuta. Seli zilizokufa ni matofali, na baina yake mna mafuta ya ngozi yenyewe, ambayo ndiyo udongo wa kuyashikamanisha. Sabuni kali na maji ya moto huuosha udongo huo; hewa kavu huyapunguza matofali; na kucha za mwenye kujikuna humaliza kuubomoa ukuta. Ukuta ukiwa na nyufa vitu vya nje huingia na kuichokoza mishipa ya fahamu, mwasho huzidi, na mtu hujikuna tena. Hivyo mwasho huzaa kujikuna, na kujikuna huzaa mwasho.

Mafundisho ya Blank yaliwapa hoja akina mama wengi ambao hawajapata kuyasikia. Mama ampakaye mtoto mafuta mara atokapo majini, kabla maji hayajakauka mwilini, hutia maji kwanza kisha hufunika. Angempaka mafuta mtoto aliyekwisha kauka kabisa, angefunika chungu kitupu.

Nafika sasa katika sehemu ngumu ya habari hizi. Albert Kligman alizaliwa Philadelphia mwaka 1916, akasoma elimu ya mimea kabla ya utabibu, akawa mwalimu wa maradhi ya ngozi katika chuo kile kile cha Duhring. Hapana ubishi kwamba alikuwa na akili nyingi. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walionyesha kwamba tabaka la pembe si takataka ingojayo kuanguka, kama wengi walivyodhani, bali ni utando imara wenye kazi ya kulinda mwili. Mwaka 1978 alieleza njia ya kupima mafuta ya ngozi, nayo ni kumpaka mtu mwenye ngozi kavu kwa majuma kadhaa, kisha kuacha na kutazama ni siku ngapi hupita kabla ukavu haujarudi. Kipimo hicho kilionyesha kwamba mafuta ya mgando ya bei ndogo yaweza kuyashinda malai mengi ya bei kubwa. Kila mwenye mwasho wa baridi anadaiwa shukrani fulani na kazi hizo.

Lakini mwaka 1951 Kligman aliitwa katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, kwa sababu ya ugonjwa wa kuvu wa miguu uliowashika wafungwa. Badala ya mkutano wa wagonjwa aliona uwanja wa majaribio; yeye mwenyewe alimwambia mwandishi wa gazeti mwaka 1966 maneno ya kuzifananisha ngozi za wafungwa na shamba lenye rutuba mbele ya mkulima. Tangu mwaka ule wa 1951 mpaka 1974 mamia ya wafungwa walibandikwa migongoni vipande vya dawa, sabuni, marashi na malai za makampuni mbali mbali. Wengi wao walikuwa weusi. Wengi hawakuwa wamehukumiwa bado. Walikuwa wakingojea kesi kwa kukosa fedha za dhamana, na malipo madogo ya majaribio yalikuwa njia yao ya kuzipata. Katika miaka ya 1965 na 1966 wafungwa 70 hivi walipakwa dioksini, sumu iliyojaribiwa kwa ajili ya kampuni ya Dow Chemical. Yalikuwako pia majaribio ya dawa za kupumbaza akili kwa ajili ya jeshi la Marekani.

Kligman alijitetea mpaka mwisho, akisema kwamba kazi yake ililingana na desturi za wakati wake na kwamba hakujua kuwa kuna mfungwa aliyepata madhara ya kudumu. Utetezi huo wapaswa kupimwa kwa haki. Ni kweli kwamba magereza mengine ya Marekani yalitumiwa vivyo hivyo, na kwamba wakubwa wengi walijua na kunyamaza. Lakini mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu matabibu wa Ujerumani, ilikwisha kuandika katika sharti lake la kwanza kwamba hapana budi mtu anayejaribiwa awe ameridhia kwa hiari na kwa kufahamu. Waliolitangaza sharti hilo walikuwa mahakimu Wamarekani. Haiwezekani kusema kwamba neno hilo halijasikika Philadelphia miaka minne baadaye. Tena, hoja ya kutojua madhara huanguka yenyewe, maana asiyeuliza hawezi kujua. Wafungwa waliosema kwamba ngozi zao zawaka na kuwasha hata baada ya kufunguliwa hawakuwa na wa kuwasikiliza.

Mwaka 1998 Allen Hornblum, aliyepata kufundisha magerezani, alichapisha kitabu chake juu ya Holmesburg, na mwaka 2000 watu karibu 300 waliokuwa wafungwa wakafungua kesi. Kesi ilitupwa kwa kuwa muda wa sheria ulikuwa umepita. Kligman alifariki mwaka 2010. Mwaka 2021 skuli ya utabibu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliomba radhi hadharani, na mwaka 2022 mji wa Philadelphia nao ukafanya hivyo. Kwa wengi radhi hiyo iliwakuta makaburini.

Walinganishe sasa mabingwa hawa wawili wa chuo kimoja. Duhring alikutana na ngozi isiyoonyesha kitu, akamsikiliza mwenye ngozi. Kligman alikutana na ngozi nyingi, asimsikilize mwenyewe. Mmoja alipata elimu kwa kumfanya mgonjwa kuwa shahidi. Mwingine alimfanya kuwa udongo wa kulimwa. Wala isidhaniwe kwamba njia ya pili ndiyo iliyozaa matunda makubwa zaidi katika shauri la ngozi kavu. Majaribio ya Blank yalihitaji sugu zilizokatwa nyayoni tu, na kile kipimo cha mafuta cha mwaka 1978 kilikuja baada ya majaribio ya Holmesburg kukomeshwa.

Jambo hili halijaisha kwa kufungwa kwa gereza. Kwa muda mrefu vitabu vya maradhi ya ngozi vilieleza uwekundu kuwa dalili kubwa ya ukurutu na ya ngozi iliyochokozwa. Katika ngozi nyeusi uwekundu hauonekani hivyo. Huonekana weusi uliozidi, au rangi ya majivu, au vipele vidogo vya kuparuza. Tabibu atafutaye wekundu asiuone huweza kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa maneno ya kumtuliza. Hali kadhalika katika elimu ya urithi. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee na Dublin waligundua kwamba watu wengi wenye ngozi kavu na ukurutu wamerithi hitilafu ya filagrini, protini isaidiayo kuijenga ngozi ya juu na kuishikiza maji. Ugunduzi huo ni mkubwa. Lakini hitilafu hizo, zipatikanazo kwa karibu mtu mmoja katika kila Wazungu kumi, ni chache zaidi kwa watu wa asili ya Kiafrika, ambao hata hivyo hupata ukurutu sana. Sababu zao zataka kutafutwa katika miili yao, si kuazimwa kwa wengine.

Katika karne ya 20 watu weusi wengi walihama kutoka majimbo ya joto ya kusini wakaja Philadelphia, na pamoja na mizigo yao walileta desturi ya kupaka mafuta kila asubuhi. Weupe wa ukavu huonekana upesi juu ya ngozi nyeusi, nao waliuita kwa neno la majivu, kama sisi tusemavyo kwamba mtu amepauka. Kwa wageni hayo huonekana kuwa mambo ya urembo. Kumbe desturi hiyo ilikuwa utabibu. Leo katika miji ya baridi ya Marekani na Ulaya wamo pia wasemaji wa Kiswahili, wanafunzi na wafanya kazi na wazee waliowafuata watoto wao, na mwasho wa Duhring huwapata katika majira yao ya kwanza ya theluji. Wengine hudhani wamepatwa na maji mabaya, au na uchawi, au na upele wa aibu, wakajificha.

Historia hii yawafaa hao kwa maneno machache ya kutenda. Maji ya kuogea yawe ya uvuguvugu, na muda uwe mfupi. Sabuni iwe laini, isiyo na marashi, na itumiwe pale inapohitajiwa. Mwili usisuguliwe kwa taulo, bali ufutwe taratibu, na mafuta mazito yapakwe ungali na unyevu, tena kabla ya kulala. Nguo ya pamba itangulie mwilini, sufu iwe juu yake. Joto la chumba lisizidi haja, na unyevu wa ndani ukipatikana kati ya asilimia 30 na 50 watosha. Kucha zikatwe. Na mwasho usioondoka kwa hayo, au uwashao mwili mzima pasipo ukavu, upelekwe kwa tabibu, maana maradhi ya figo, ya ini na ya tezi ya shingo huweza kujitangaza kwa mlango huo huo.

Wahenga walisema kwamba mtu hujikuna ajipatapo, wakimaanisha kwamba kila mtu atende kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini wako wengi ambao mkono wao haufiki mahali pawashapo, nao humhitaji mwingine awasikie waelezapo ni wapi. Wale wafungwa wa Holmesburg walieleza, na jiji lilichukua miaka 48 tangu majaribio kukoma kabla ya kujibu. Kazi ya wasomi wa ngozi, na ya wasomi wa historia pia, ni kuhakikisha kwamba jibu halichelewi hivyo tena.